Asilimia ya AI haimtambui mwongo

Siku hizi tasnifu au makala hupimwa na programu kabla haijasomwa na mtu. Vyuo vyetu vingi, na baadhi ya majarida, vimeanza kuweka kikomo: programu ikisema sehemu kubwa mno ya maandishi imetoka kwa akili unde (AI), kazi inarudishwa kwa mwenyewe bila hata kufunguliwa. Matangazo ya namna hii hupokewa kwa makofi, watu wakisema wavivu sasa wamepatikana. Mimi naona tumeshika kipimo kisicho chake. Anayechapisha kazi ya kitaaluma anadaiwa jambo moja kubwa: akiulizwa kuhusu dai lolote, takwimu yoyote au rejea yoyote iliyomo, awe na jibu. Kikomo cha asilimia hakigusi deni hilo hata kidogo. Kinawaumiza waandishi waaminifu ambao Kiingereza ni lugha yao ya pili au ya tatu, na kinawapisha wadanganyifu wanaojua pa kupita.

Jambo hili lina historia fupi ambayo mjadala wetu umeiruka. ChatGPT ilifunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Ilipofika Januari 2023, tayari kulikuwa na makala zilizoiorodhesha kama mwandishi mwenza. Mwezi huohuo jarida la Nature likatangaza kwamba programu ya namna hiyo haiwezi kuwa mwandishi, na kwamba atakayeitumia aseme hivyo ndani ya makala. Jarida la Science lilikwenda mbali zaidi: likapiga marufuku maandishi yoyote yaliyotungwa na mashine. Februari ikaja COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, na Mei ikafuata ICMJE, kamati ya wahariri wa majarida ya tiba ambayo miongozo yake hufuatwa na maelfu ya majarida duniani. Wote walitegemea hoja ileile. Mwandishi ni mtu anayebeba dhamana ya kilichoandikwa. Programu haiwezi kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu, haiwezi kusaini hati ya haki za uchapishaji, wala haiwezi kutangaza mgongano wa masilahi. Novemba 2023 Science lenyewe likalegeza marufuku yake na kuruhusu matumizi, mradi mwandishi aeleze alitumia nini na kwa namna gani. Katika miongozo yote hiyo minne hamna asilimia. Hiyo tumeiongeza sisi, au tuseme wameiongeza watawala wa taaluma waliotaka namba ya kujaza kwenye fomu.

Sisemi hofu haina msingi. Februari 2024 jarida moja la kampuni ya Frontiers lilichapisha makala kuhusu seli shina za mbegu za kiume, ikiwa na mchoro wa panya mwenye viungo vya uzazi vikubwa kuliko mwili wake, na maandishi pembeni ambayo mengi yake si maneno ya lugha yoyote. Ulitengenezwa kwa Midjourney, programu ya akili unde ya kuchorea picha. Makala ilidumu siku tatu tu mtandaoni kabla ya kuondolewa, lakini picha yake ilikwishazunguka dunia. Mwezi uliofuata watu wakagundua makala katika jarida la Elsevier, Surfaces and Interfaces, ambayo utangulizi wake ulianza na jibu la roboti kwa aliyemtuma, yaani kitu kama “Bila shaka, huu hapa utangulizi unaoweza kutumia kwa mada yako.” Waandishi hawakuliona, wahakiki hawakuliona, mhariri hakuliona. Kwa upande wa wingi, timu iliyochambua zaidi ya ikisiri milioni 15 za utafiti wa tiba ilikadiria, katika kazi iliyochapishwa na Science Advances mwaka 2025, kwamba angalau asilimia 13.5 ya ikisiri za mwaka 2024 zilipitia mikononi mwa akili unde. Walifikia hapo kwa kuhesabu maneno ambayo yaliongezeka ghafla baada ya mwaka 2022 bila sababu yoyote ya kisayansi.

Halafu kuna rejea hewa, na hapa ndipo ninapowaunga mkono wenye hofu bila kusita. Modeli ya lugha, yaani mtambo ulio ndani ya programu kama ChatGPT, haina kabati la vitabu inakokwenda kuchungulia. Inakisia neno linalofuata kutokana na yaliyotangulia, na ikiombwa rejea itakisia rejea: jina la mtaalamu wa kweli, jina la jarida la kweli, mwaka unaowezekana, kurasa zinazopendeza macho, na makala ambayo haijawahi kuandikwa. Kadiri mada inavyokuwa na maandishi machache mtandaoni, ndivyo mashine inavyolazimika kubuni zaidi. Mwenye kuandika kuhusu fonolojia ya Kiswahili au historia ya Kilwa yuko hatarini kuliko mwenye kuandika kuhusu saratani. Nimewahi kuhakiki makala iliyonukuu toleo la jarida moja la Kiswahili, juzuu na kurasa zikiwa zimetajwa kikamilifu. Nilikuwa na juzuu hilo rafuni. Kurasa zile zilikuwa na makala ya mtu mwingine kabisa, kuhusu mambo mengine kabisa.

Lakini angalia mifano hii ilikamatwa na nani. Panya aligunduliwa na wasomaji waliofungua ukurasa wakatazama mchoro. Ile “Bila shaka” iligunduliwa na wasomaji. Rejea hewa niliigundua kwa kunyoosha mkono rafuni. Kuna jambo moja zaidi kuhusu panya ambalo halisemwi sana: waandishi wake walisema wazi kwamba michoro ilitoka Midjourney, na kampuni yenyewe ilieleza baadaye kwamba mhakiki mmoja alikuwa ameihoji, waandishi hawakumjibu, na makala ikapita hivyohivyo. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba tamko la “nimetumia AI” linatosha nao wajifikirie upya. Sharti la kutangaza lilitimizwa, na mtu alinyoosha kidole. Kilichokosekana ni mhariri wa kuzuia kazi isitoke mpaka swali lijibiwe.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Programu hizi kwa kawaida huangalia namna maandishi yanavyotabirika. Sentensi zenye msamiati wa kawaida, muundo wa kawaida na urefu unaofanana huonekana kama za mashine. Zenye mikunjo na maneno adimu huonekana kama za binadamu. Jiulize basi ni nani anayeandika Kiingereza cha maneno ya kawaida na muundo uleule. Ni mtu aliyekisoma darasani. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania anafundishwa kwa Kiswahili miaka yote, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta biolojia, jiografia na hisabati vyote vimegeuka Kiingereza kwa mkupuo. Anajifunza kuandika kwa kukariri miundo salama, na miundo hiyo humfuata mpaka uzamivu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vigunduzi saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, asilimia 61 ya insha hizo zilihukumiwa kuwa kazi ya mashine. Insha za wanafunzi wa Marekani wa darasa la nane zilipita karibu zote bila tatizo.

OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT yenyewe, ilitoa kigunduzi chake Januari 2023. Kwa vipimo vyake yenyewe, kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kiliwasingizia binadamu katika asilimia 9 ya kazi zao. Julai mwaka huohuo kikazimwa kwa kukosa usahihi. Turnitin, kampuni ya programu za kukagua wizi wa maandishi, nao waliingiza kigunduzi chao Aprili 2023 wakidai makosa yao hayafiki asilimia moja. Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kikapiga hesabu: mwaka 2022 kilipitisha kazi 75,000 kwenye Turnitin, kwa hiyo hata kwa asilimia moja tu zingesingiziwa kazi zipatazo 750. Agosti 2023 kikakifunga. Vyuo vyetu vingi vinavipokea vipimo hivi bila kupiga hesabu kama hiyo.

Nitatoa kisa kimoja tu. Mwanafunzi wa uzamili niliyekuwa namfahamu alipimwa sura yake ya pili ikatoka asilimia 38. Sura ile niliijua tangu ikiwa mwandiko wa kalamu kwenye daftari la kaunta, yenye mishale na maneno yaliyokatwa, kwa sababu kwao umeme ulikuwa wa mgawo na kompyuta ilikuwa ya kuazima. Alipoambiwa ashushe asilimia, hakurudi maktaba. Alikwenda steshenari iliyo nje ya geti la chuo, ambako kijana wa kwenye kompyuta hakuhitaji hata kumaliza kusikiliza. “Dada, hiyo tunaishusha. Niachie flashi, pitia jioni.” Jioni ilikuwa asilimia nne. Programu ya kushushia ilikuwa imepita kila sentensi ikibadilisha maneno kwa visawe, hata istilahi za mbinu za utafiti ambazo hazina kisawe. Sampuli nasibu ilikuwa imekuwa kitu kinachosomeka kama kielelezo cha ovyoovyo. Wahojiwa walikuwa wamegeuka watuhumiwa. Kazi iliyokuwa yake mwenyewe ikawa ya mashine kweli, na hapo ndipo ikapokelewa.

Wanaofuatilia udanganyifu katika sayansi wanaujua ugonjwa huu tangu kabla ya ChatGPT. Mwaka 2021 Guillaume Cabanac wa Chuo Kikuu cha Toulouse na wenzake walifichua mamia ya makala zilizojaa istilahi zilizopindishwa: saratani ya matiti imekuwa “hatari ya kifuani”, na akili unde yenyewe imekuwa “fahamu ghushi”. Chanzo kilikuwa programu za kubadilisha maneno ili kukwepa kipimo cha wizi wa maandishi. Watu waliwekewa kizingiti cha namba, wakatafuta mashine ya kukiruka, na sayansi ikajaa takataka. Kikomo cha asilimia ya AI kinarudia kosa lilelile, safari hii likiwa na soko lake tayari nje ya kila geti la chuo.

Mtu anaweza kunijibu kwamba vigunduzi vya leo si vya mwaka 2023. Ni kweli, vingine vimeboreka sana. Tuseme basi kimepatikana kigunduzi kisichokosea kamwe. Kingetuambia nini? Kingetuambia nani au nini kilipanga maneno. Mholanzi Diederik Stapel, profesa wa saikolojia ya jamii aliyeumbuka mwaka 2011, alitunga data za tafiti zake mwenyewe, na makala zake 58 zimebatilishwa. Kigunduzi kamili kingempa sifuri, kwa kuwa sentensi alizipanga kwa mkono wake. Na kuna mfano wa karibu zaidi. Kwa miaka mingi kabla ya ChatGPT, vijana wa Kenya wenye shahada na wasio na ajira waliishi kwa kuwaandikia insha na tasnifu wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 kuzipiga marufuku kampuni za namna hiyo kwa vyuo vya England. Kila neno la kazi zile liliandikwa na binadamu, tena mwenye akili nzuri, na kila shahada iliyopatikana kwa kazi hizo ilikuwa ya uongo. Kati ya kazi hizo na sura ya yule dada, asilimia ingemfunga dada.

Upande wa pili kuna wanaoiona akili unde kama ukombozi wetu, na hoja yao ina uzito kuliko wapinzani wanavyokubali. Mwaka 2023 jarida la PLOS Biology lilichapisha uchunguzi wa watafiti 908 wa sayansi ya mazingira kutoka nchi nane, Nigeria ikiwemo. Watafiti wasio na Kiingereza cha kuzaliwa nacho, hasa walio mwanzoni mwa kazi, walitumia muda mrefu zaidi kuandika makala, hadi nusu zaidi ya wenzao. Waliripoti kukataliwa makala kwa sababu ya lugha mara mbili na nusu zaidi, na kudaiwa kusafisha Kiingereza mara 12 na ushee zaidi. Tajiri alilitatua tatizo hilo tangu zamani kwa kulipa mhariri wa lugha, na hakuna aliyemuuliza asilimia ya sentensi zake zilizoguswa na mhariri huyo. Mtafiti wa Morogoro anapofanya kazi ileile kwa simu yake, ghafla tunazungumzia maadili. Sioni namna ya kuitetea tofauti hiyo.

Na kwa kuwa tumefika hapo: sehemu ya kazi ya kuifanya ChatGPT iwe na adabu ilifanywa Nairobi, na wafanyakazi waliolipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma na kuainisha maandishi machafu ili mashine ijue kuyaepuka. Jarida la Time liliandika habari hiyo Januari 2023. Wachapishaji nao hawakubaki nyuma. Mwaka 2024 ilijulikana kwamba kampuni mama ya Taylor & Francis ilikuwa imeipa Microsoft ruhusa ya kutumia maandishi ya kitaaluma kufundishia modeli kwa dola milioni 10 za mwaka wa kwanza, na waandishi wengi wakajua kupitia vyombo vya habari. Wachapishaji wanaotuhubiria matumizi ya kuwajibika wangeanza kwa kutuambia wameuza kazi za nani.

Hata hivyo ukombozi huu una meno. Mashine ikiambiwa isafishe lugha, mara nyingi husafisha na tahadhari. Mtafiti ameandika kwamba baadhi ya wakulima waliohojiwa katika vijiji viwili vya Kilosa walisema mvua za vuli zimekuwa hazitabiriki. Anapokea sentensi inayoteleza vizuri ambamo wakulima wa Tanzania wanathibitisha kubadilika kwa majira ya mvua. Hakuna kosa la sarufi. “Baadhi” imetoweka, vijiji viwili vimekuwa nchi, na kusema kumekuwa kuthibitisha. Mtu ambaye Kiingereza chake si imara ndiye anayehitaji msaada huo zaidi, na ndiye atakayechelewa zaidi kuona kwamba ameongezewa dai asilolifanya. Kwa hiyo naikubali kazi ya kusafisha lugha, kwa sharti gumu: mwandishi asome kila sentensi dhidi ya rasimu yake, na asiyeweza kueleza sentensi iliyorudi aiache ile ya kwanza, hata kama ina makovu.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo ninayoisikia mara nyingi kwenye warsha, ni ile ya kikokotoo: kwamba hata kikokotoo kilipokuja walimu waliogopa, na leo kila mtoto anacho, kwa hiyo tuache woga. Kikokotoo kikipewa saba mara nane kitasema 56 leo, kesho na mwakani, na kila mmoja anaweza kukikagua kwa kalamu. Hakiwezi kubuni namba kwa kuwa inasikika vizuri. Modeli ya lugha ikiulizwa swali moja mara mbili yaweza kutoa majibu mawili, yote kwa sauti ileile ya kujiamini, na kosa lake huvaa nguo zilezile za ukweli. Uangalifu unaohitajika ni wa aina nyingine kabisa, na anayetumia mfano wa kikokotoo hajakaa na hizi programu muda wa kutosha kudanganywa nazo.

Wakati sisi tumewakodolea macho wanafunzi, mahali penye hatari kubwa pameachwa bila mlinzi. Nazungumzia uhakiki. Mfumo mzima wa majarida unategemea wataalamu wawili au watatu wanaosoma kazi ya mwenzao bila malipo na kusema ukweli. Utafiti mmoja wa mwaka 2024, uliochunguza tathmini zilizoandikwa kwa mikutano mikubwa ya akili unde, ulikadiria kwamba kati ya asilimia 6.5 na 16.9 ya maandishi ya tathmini hizo yaliandikwa au kubadilishwa kwa kiasi kikubwa na mashine. Julai 2025 gazeti la Nikkei la Japani likafichua makala 17 kwenye arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala za kisayansi, kutoka taasisi 14 za nchi nane, zilizokuwa na maagizo yaliyofichwa kwa herufi nyeupe au ndogo mno kuonekana, yakiiambia mashine itoe sifa tu na isitaje udhaifu. Baadhi ya waandishi walijitetea kwamba walikuwa wanawatega wahakiki wavivu. Utetezi huo ni wa kuchekesha kidogo, lakini sikiliza unakiri nini: mwandishi anaamini kazi yake haitasomwa na mtu, mhakiki anatimiza imani hiyo, na maelewano yote yanafanyika kati ya mashine na mashine huku majina ya watu yakining'inia juu.

Taasisi ya Taifa ya Afya ya Marekani, NIH, ililiona hili mapema. Juni 2023 iliwakataza wahakiki wa maombi yake ya fedha kutumia akili unde zalishi, na sababu iliyoitoa haikuwa uvivu bali siri. Makala inayohakikiwa si mali ya mhakiki. Akiibandika kwenye programu ya bure, ameitoa nje ya mikono ya jarida na hajui itakaa wapi wala itatumika kwa nini. Kwa tafiti zetu nyingi za mahojiano, ndani ya makala au viambatisho vyake mnaweza kuwa na maneno ya mama aliyeeleza alivyopigwa, au mgonjwa aliyekubali kuzungumza kwa kuahidiwa kwamba hatajulikana. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya inayo yake tangu 2019. Sijaona fomu nyingi za ridhaa zinazomweleza mshiriki kama maneno yake yatapelekwa kwenye programu ya kampuni ya ng'ambo ili yafupishwe. Jarida likitaka kuanza na kanuni moja tu mwaka huu, lianze hapo: mhakiki asiingize makala ya mwenzake kwenye programu yoyote ambayo jarida halijaiidhinisha, na akishindwa kusoma arudishe mapema atafutwe mwingine.

Kwa majarida ya Kiswahili, kama yale ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Mwanga wa Lugha la Chuo Kikuu cha Moi, kikomo cha asilimia kina kasoro ya ziada inayokifanya kiwe kichekesho. Kigunduzi cha Turnitin kilianza na Kiingereza, kikaongezewa Kihispania, kisha Kijapani. Kiswahili bado. Anayeandika tasnifu yake kwa Kiswahili hapimwi hata kidogo, na mwenzake wa idara ya jirani anayeandika kwa Kiingereza cha shida anapimwa mpaka nukta, chini ya kanuni ileile ya chuo kilekile. Wahariri wa majarida haya watalazimika kufanya kile ambacho wote tungepaswa kufanya: kusoma, na kukagua rejea moja baada ya nyingine. Rejea 40 ni kazi ya alasiri moja ya mhariri msaidizi mwenye intaneti na ufunguo wa maktaba. Jarida lisilomudu alasiri hiyo lina tatizo lililoanza zamani kabla ya mashine yoyote.

Vyuo navyo vina chombo kizuri mkononi ambacho vimekigeuza sherehe. Utetezi wa tasnifu uliwekwa ili mtu aulizwe ana kwa ana: data hii uliikusanya wapi, kwa nini ulichagua mbinu hii, mtaalamu huyu uliyemnukuu anasema nini hasa. Mtu aliyebuniwa kazi na mashine, au na kijana wa Nairobi, au na shemeji yake, hafiki mbali katika saa moja ya maswali ya namna hiyo. Anayejua kazi yake atajibu, hata kama Kiingereza chake kilisafishwa na programu. Badala yake tumeona tetezi za dakika chache ambazo nusu ya muda ni kupongezana na nusu ni kurekebisha mpangilio wa kurasa, tukiwa tumeshaikabidhi programu jukumu la kutuambia nani mwaminifu.

Kuna jambo moja la mwisho, na nadhani ndilo linaloeleza kwa nini tunaipenda asilimia. Masharti ya ICMJE ya kuwa mwandishi ni manne: uwe na mchango mkubwa katika utafiti, ushiriki kuandika au kuhariri kwa kina, uidhinishe toleo la mwisho, na ukubali kuwajibika kwa kazi nzima. Sharti la nne ndilo lililoifungia ChatGPT mlango. Lisome tena ukiwa na picha ya ofisi zetu kichwani. Kenya mwongozo wa mwaka 2014 ulimtaka mwanafunzi wa uzamivu awe na machapisho mawili kabla ya kuhitimu. Huku na huko, kupandishwa cheo kunahesabiwa kwa idadi ya makala. Katika mazingira hayo wapo wasimamizi ambao majina yao yako kwenye makala za wanafunzi wao ambazo hawajazisoma mpaka mwisho, na wakiulizwa kuhusu jedwali la tatu watamtafuta mwanafunzi kwa simu. Kwa sharti lilelile la nne, hao nao si waandishi, na wao hawana hata utetezi wa mashine kwamba angalau iliandika. Kipimo cha uwajibikaji kikitumika kwa haki kitaanzia ngazi za juu. Kamati ya chuo inayokutana kupanga kikomo cha AI ingeweza kuanza kazi yake siku hiyohiyo, kwa kuchukua orodha ya machapisho ya wajumbe wake wenyewe na kumtaka kila mmoja aeleze, bila kupiga simu, nini kilichomo ndani.